Mtu mzima kutumia dawa za maji badala ya vidonge: naomba ushauri

Koo Jembamba (mleta mada)

Ndugu wanajamvi, naomba ushauri wenu katika jambo ambalo wengi huliona dogo, ilhali kwangu limekuwa kikwazo kikubwa. Mimi ni mtu mzima, nimeshavuka miaka 40, na kumeza vidonge kunanishinda. Nikiweka kidonge mdomoni, maji hushuka na chenyewe hubaki juu ya ulimi, na nikilazimisha, koo hukaza hadi machozi hunitoka. Kwa miaka mingi jambo hili halikunisumbua sana kwa sababu nilikuwa siugui mara kwa mara.

Sasa hali imebadilika. Nimegundulika kuwa na kisukari pamoja na shinikizo la juu la damu, na nimeandikiwa metformin miligramu 1,000 kila jioni na amlodipine miligramu 5 kila asubuhi. Juu ya hayo, daktari wa meno amenipa kapsuli za antibiotiki iitwayo amoxicillin, za miligramu 500, nimeze moja mara tatu kwa siku kwa muda wa siku 5. Vidonge vya metformin ni vikubwa kiasi kwamba kuvitazama tu kunanitia hofu.

Jamaa yangu mmoja ameniambia nisihangaike, ninunue dawa za maji za watoto ninywe nusu chupa, mwingine ameshauri nivitwange vyote kwa pamoja nivikoroge kwenye maji. Kabla sijafanya lolote kati ya hayo, ningependa kujua: je, mtu mzima anaruhusiwa kutumia dawa za maji? Je, dawa hizo ni dhaifu kuliko vidonge? Na je, kutwanga kuna madhara? Natanguliza shukrani.

Tone kwa Tone

Pole sana, na usione haya hata kidogo. Wapo watu wazima wengi wenye tatizo hilo, ila hawalisemi mbele ya daktari; huitikia kwa adabu, huenda nyumbani, na vidonge huishia kwenye droo. Jambo la kwanza ni kumwambia aliyekuandikia dawa kwamba kumeza kunakushinda, kwa maneno hayo hayo uliyoyatumia hapa. Yeye hawezi kulijua kwa kukutazama.

Mfamasia wa Zamu

Nitajibu maswali yako moja baada ya jingine, na kwa kuwa hesabu zimo, naomba uvumilivu.

Mtu mzima anaruhusiwa kabisa kutumia dawa za maji. Dawa ni ile ile. Kilichobadilika ni umbo lake. Viwanda hupendelea vidonge kwa watu wazima kwa sababu kidonge hudumu muda mrefu bila kuharibika, ni chepesi kusafirisha, kipimo chake kiko tayari, na ladha chungu hufichwa ndani ya utando. Hakuna sheria ya tiba inayosema kwamba ukifikia umri fulani koo lako ni la vidonge tu.

Kuhusu udhaifu, jibu limo kwenye lebo, na hapo ndipo watu wengi hujikwaa. Dawa ya maji hupimwa kwa miligramu za dawa zilizomo katika kila kiasi fulani cha mililita. Chukua mfano wa paracetamol. Dawa ya maji ya watoto ambayo ni ya kawaida sana ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Mtu mzima mwenye uzito wa kawaida hutumia kati ya miligramu 500 na 1,000 kwa mara moja. Ili kufikia miligramu 1,000 kwa dawa hiyo, itambidi anywe takriban mililita 42, na chupa nzima ya mililita 60 haina hata dawa iliyomo katika vidonge vitatu vya miligramu 500. Ipo aina nyingine yenye miligramu 250 katika mililita 5, na kwa hiyo mililita 20 zinatosha. Kwa nje chupa hizo mbili hufanana, pengine hata harufu yake ni moja, lakini moja ina nguvu zaidi ya mara mbili ya nyenzake.

Sasa utaona kwa nini ushauri wa "nusu chupa" haufai. Nusu ya chupa gani, yenye ukubwa gani na nguvu gani? Akinywa ile nyepesi kijiko kimoja kama mtoto, mtu mzima hapati nafuu na husema dawa za maji hazifanyi kazi. Akinywa ile nzito bila kuhesabu, huku anameza pia vidonge vya mafua vyenye paracetamol ndani yake, anaweza kuvuka gramu 4 kwa saa 24 na kulidhuru ini.

Kwa upande wa amoxicillin, hesabu yako ni nyepesi. Huuzwa kama unga mkavu ndani ya chupa ambao huchanganywa na maji, na aina mbili za kawaida zina miligramu 125 au 250 katika mililita 5. Kwa kipimo chako cha miligramu 500 utahitaji mililita 10 za ile ya 250, au mililita 20 za ile ya 125. Mwombe daktari wa meno akibadilishe cheti, naye ataandika nguvu ya dawa pamoja na mililita za kunywa, si "kijiko kimoja" wala "kofia moja".

Swali la kutwanga nitalirudia, lakini kwanza tafadhali soma boksi la metformin na utuambie kama kuna herufi zozote baada ya jina la dawa.

Sukari Kiasi

Ninaishi na kisukari kwa muda mrefu na ninataka kuongeza jambo moja. Dawa nyingi za maji hutiwa sukari ili zinyweke. Kwa dawa ya siku chache kama antibiotiki, kiasi hicho huwa ni gramu chache na kwa kawaida hakileti msukosuko mkubwa, hasa ikiwa unapima sukari yako na unajua kwa nini imepanda kidogo. Kwa dawa ya kila siku maisha yote, hilo si jambo la kupuuza, na meno nayo yana haki yao. Ulizia aina isiyo na sukari.

Hata hivyo, "bila sukari" si sawa na "bila chochote". Mara nyingi utamu hutokana na sorbitol au vitu vya jamii hiyo, ambavyo vikizidi hulegeza tumbo. Metformin yenyewe inajulikana kwa kusumbua tumbo, hasa mwanzoni, kwa hiyo ukianza kuharisha usiilaumu haraka dawa moja. Mwambie mfamasia kila kitu unachokunywa.

Angalia pia kama dawa ina alkoholi. Baadhi ya dawa za maji huyeyushwa humo, na kwa watu wengine, ama kwa sababu ya imani yao, ama kwa ajili ya ini, ama kwa sababu ya dawa nyingine wanazotumia, hilo ni jambo la kujua kabla ya kuweka chupa mdomoni.

Koo Jembamba (mleta mada)

Nawashukuru sana. Nimetazama boksi la metformin na baada ya jina kuna herufi XR. Amlodipine haina herufi zozote. Kapsuli za amoxicillin bado sijazigusa.

Mfamasia wa Zamu

Herufi hizo ndizo nilizokuwa nazitafuta. XR, SR, MR, CR, LA, pamoja na neno "retard", zote humaanisha kwamba kidonge kimetengenezwa kitoe dawa polepole kwa saa nyingi. Ukikitwanga, umeuvunja mpango wote: dawa ya usiku kucha inaingia mwilini kwa mkupuo mmoja, na baadaye hubaki hakuna. Kwa metformin matokeo yake huwa hasa ni tumbo kuchafuka na sukari kutodhibitiwa vizuri. Kwa dawa nyingine matokeo ni ya hatari zaidi. Nifedipine ya aina ya polepole ikitwangwa inaweza kushusha shinikizo la damu ghafla, na morphine ya aina hiyo inaweza kusimamisha pumzi.

Lipo kundi la pili, ambalo vidonge vyake vina utando wa kuzuia tindikali ya tumbo. Omeprazole huharibiwa na tindikali, hivyo utando unailinda hadi ifike kwenye utumbo. Diclofenac na aspirini za aina hiyo, kinyume chake, hufunikwa ili zisilichome tumbo. Katika hali zote mbili kutwanga ni kuondoa kinga iliyowekwa kwa makusudi.

Kundi la tatu humhusu anayetwanga kuliko anayekunywa. Vumbi la methotrexate na dawa nyingine za saratani halipaswi kuvutwa puani wala kugusa ngozi ya mtu mwingine, na finasteride iliyovunjika haipaswi kushikwa na mwanamke mjamzito.

Vinavyobaki ni vidonge vya kawaida, visivyo na utando maalumu, ambavyo baadhi yake huweza kuvunjwa au kuyeyushwa katika maji kidogo na kunywewa papo hapo. Amlodipine ya kawaida mara nyingi huangukia humo, lakini fanya hivyo kwa ruhusa ya mfamasia aliyeliona boksi lenyewe, kwa sababu mtengenezaji mmoja hutofautiana na mwingine. Na hata pale inaporuhusiwa, kila kidonge hutwangwa peke yake na kunywewa peke yake. Ule ushauri wa kuvitwanga vyote kwa pamoja uuache kabisa.

Habari njema ni kwamba metformin ipo pia kama dawa ya maji, kwa kawaida yenye miligramu 500 katika mililita 5. Hiyo haitoi dawa polepole, kwa hiyo daktari hataibadilisha kwa kukuambia unywe mililita 10 jioni basi. Huenda akaigawa, mililita 5 na chakula cha asubuhi na mililita 5 na chakula cha jioni. Mabadiliko hayo ni ya daktari kuyaamua. Amlodipine ya maji nayo ipo, ingawa si kila famasia huiweka na mara nyingine huagizwa.

Jabali la Kale

Mimi naona mnamdekeza. Mtu mzima ajifunze kumeza. Dawa za maji ni nzito kubeba, huharibika upesi, hugharimu zaidi, na yeye ana dawa za maisha. Akiizoea chupa sasa, siku akiwa safarini na chupa ikavunjika atafanyaje? Tatizo la watu wengi ni namna wanavyomeza: wanaangalia juu kama kuku anayekunywa maji, wakidhani dawa itateleza yenyewe.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Heidelberg, Ujerumani, walichapisha jaribio walilolifanya kwa watu wazima 151, wakalinganisha namna za kumeza. Kwa vidonge, walimtaka mtu aweke kidonge juu ya ulimi, akaze midomo kwenye mdomo wa chupa laini ya plastiki iliyojaa maji, kisha anywe kwa kufyonza bila kuruhusu hewa iingie, ili chupa ijikunje. Kwa kapsuli walimtaka aiweke ulimini, apige funda la maji bila kumeza, ainamishe kichwa mbele kidevu kikielekea kifuani, ndipo ameze. Kumeza kulikuwa rahisi zaidi kwa karibu asilimia 60 katika vidonge, na kwa karibu asilimia 89 katika kapsuli. Sababu ya tofauti hiyo ni kwamba kapsuli ni nyepesi na huelea juu ya maji. Ukiangalia juu inaelea kuelekea kwenye meno, na ukiinama inaelea kuelekea kooni.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta chupa, ajaribu hayo.

Tone kwa Tone

Ndugu Jabali, mbinu ulizozieleza ni nzuri na nimeona zikimsaidia mtu wa karibu, lakini lugha ya kudekezwa haisaidii. Mtu ambaye koo lake limekaza kwa hofu, ukimwambia ajikaze, linakaza zaidi. Tena mwenye kisukari anayeruka dawa kwa sababu kidonge kimemshinda anaumia zaidi kuliko anayekunywa dawa ya maji kila siku bila kukosa.

Nyongeza ndogo: kunywa funda la maji kabla ya kuweka kidonge ulimini, kwa maana ulimi mkavu hukishika kidonge. Na kama daktari ataendelea na vidonge, aulizwe kama vipo vidogo zaidi. Vidonge viwili vidogo huwa rahisi kuliko kimoja kikubwa.

Mlezi wa Mama

Naomba niseme jambo ambalo halijasemwa. Ninamhudumia mama yangu aliyepata kiharusi. Sisi nyumbani tulidhani, kama watu wengi, kwamba mgonjwa akishindwa vidonge basi maji ndiyo salama. Mtaalamu wa kumeza alipompima alituonyesha kwamba kwa mtu ambaye misuli ya koo imedhoofika, kitu chepesi kama maji ndicho kinachokimbia haraka na kuingia njia ya hewa kabla koo halijajifunga. Dalili yake ni kupaliwa, kukohoa kila anapokunywa, au sauti kuwa kama yenye maji ndani yake baada ya kumeza. Kwa mtu wa namna hiyo, dawa ya maji inaweza kuishia mapafuni na kusababisha nimonia.

Yeye hupewa vinywaji vilivyozitishwa kwa unga maalumu, na hapo pia pana mtego. Dawa ya kulainisha choo iitwayo macrogol ikichanganywa na kizitishi cha wanga, mchanganyiko hurudi kuwa mwepesi kama maji. Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kuhusu hilo mwaka 2021. Kwa hiyo usichanganye dawa na kizitishi bila kuuliza.

Sisemi kwamba mleta mada ana tatizo hili, maana amesema maji hushuka vizuri. Nimeandika kwa ajili ya wengine wanaosoma uzi huu wakiwa na wazee nyumbani.

Mwenye Haraka

Mbona mnazunguka sana? Vipo vidonge vya kutumbukiza kwenye maji vikatoa povu, kunywa, basi.

Mfamasia wa Zamu

Vipo, na kwa baadhi ya watu ni suluhisho zuri, lakini mleta mada ana shinikizo la juu la damu, na povu hilo hutokana na chumvi za sodiamu. Kidonge kimoja cha paracetamol ya povu cha miligramu 500 kinaweza kuwa na takriban miligramu 400 za sodiamu. Akinywa vidonge nane kwa siku, ambacho ndicho kiwango cha juu cha paracetamol, atakuwa amepata zaidi ya miligramu 3,000 za sodiamu kwenye dawa peke yake, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke miligramu 2,000 kwa siku, chakula kikiwemo. Kwa maumivu ya siku moja si neno. Kwa matumizi ya kila siku, hapana.

Tofautisha hivyo na vidonge vinavyosambaa ndani ya maji bila povu, au vinavyoyeyuka juu ya ulimi. Hivyo havina mzigo huo wa sodiamu.

Mpenda Historia

Mnaniruhusu nichepuke kidogo? Mwaka 1937 huko Marekani, dawa ya sulfanilamide, iliyokuwa ikitibu maambukizi, ilipatikana kama kidonge na unga. Wateja walitaka ya maji. Mtengenezaji mmoja akaiyeyusha katika diethylene glycol, kitu chenye ladha tamu ambacho ni sumu kwa figo, bila kuijaribu kwanza. Walikufa watu zaidi ya 100, na mwaka uliofuata, 1938, nchi hiyo ilipitisha sheria ya kumlazimu mtengenezaji athibitishe usalama wa dawa kabla ya kuiuza. Sumu hiyo hiyo haikuisha na karne iliyopita: mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa za maji za watoto zilizopatikana Gambia zikiwa na diethylene glycol na ethylene glycol.

Nayaeleza haya si kwa kumtisha mtu. Dawa ya maji huhitaji kiyeyushi, kihifadhi na kitamu, vitu ambavyo kidonge hakivihitaji kwa kiasi hicho, kwa hiyo chanzo chake kina uzito zaidi. Nunua kwenye famasia iliyosajiliwa, chupa iwe na muhuri, jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Nesi Mstaafu

Nimesoma uzi wote na ninashangaa kwamba tumejadili chupa kwa urefu kiasi hiki bila mtu kumuuliza mleta mada maswali ambayo mimi ningeanza nayo. Ndugu Koo Jembamba, tatizo hili limekuwepo tangu ujana kwa kiwango kile kile, au limezidi siku za karibuni? Chakula kigumu kinapita vizuri? Je, una kiungulia? Umepungua uzito bila kukusudia? Sauti imekuwa ya kukwaruza? Unaumia unapomeza?

Nauliza kwa sababu kushindwa vidonge peke yake tangu utotoni mara nyingi ni hofu au mazoea ya koo, na hapo mbinu za ndugu Jabali hufaa. Kushindwa kulikoanza ukubwani, au kunakohusisha na chakula, ni dalili ya ugonjwa hadi ithibitishwe vinginevyo, na dawa ya maji itaificha dalili hiyo badala ya kuitibu.

Koo Jembamba (mleta mada)

Umenifanya nifikiri, mama. Vidonge vilinishinda tangu nikiwa kijana, hilo ni kweli. Lakini kwa miezi ya hivi karibuni hata chakula kikavu huniganda hapa katikati ya kifua, nami hulazimika kunywa maji ili kishuke. Kiungulia ninacho kwa miaka, nimekizoea. Uzito nimepungua kidogo, nikadhani ni kwa sababu ya kisukari. Sauti ni ya kawaida na sihisi maumivu.

Nesi Mstaafu

Basi, mwanangu, suala la chupa au kidonge liwe la pili. Chakula kuganda kifuani, pamoja na kiungulia cha miaka na uzito kupungua, vinatosha kukufanya umwone daktari wiki hii na kumweleza kwa mpangilio huo huo. Huenda tindikali inayopanda imeujeruhi umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, kwa muda mrefu hadi ukawa mwembamba, jambo ambalo hutibika. Huenda ni kitu kingine kinachohitaji kuonekana mapema. Kipimo chake cha kawaida ni kamera nyembamba inayopitishwa mdomoni hadi tumboni.

Mwambie pia kwamba unatumia amlodipine. Dawa za kundi lake hulegeza misuli ya mishipa ya damu, lakini zinaweza kulegeza pia ule mlango wa chini wa umio, na kwa baadhi ya watu kiungulia huzidi. Usiiache kwa uamuzi wako, yeye ataangalia.

Na hadi hapo utakapochunguzwa, usijaribu kukisukuma kidonge kikavu kwa nguvu. Zipo dawa, kama doxycycline na alendronate, ambazo zikikwama kwenye umio huuchoma hadi kidonda, na ndiyo maana wanaozitumia huambiwa wanywe maji mengi na wasilale baada ya kumeza.

Jabali la Kale

Kwa maelezo haya mapya, naungana na nesi. Mbinu za chupa zisubiri kipimo.

Koo Jembamba (mleta mada)

Ndugu zangu, nimerudi na taarifa. Nimemwona daktari, amesikiliza, na ameagiza kipimo cha kamera, tarehe nimepewa. Kwa sasa amenibadilishia dawa zote. Metformin ni ya maji, mililita 5 asubuhi na mililita 5 jioni pamoja na chakula. Amlodipine ya maji imeagizwa, na leo famasia wamenionyesha namna ya kuyeyusha kidonge changu kwa muda huu wa kungoja. Amoxicillin nimepewa ya miligramu 250 katika mililita 5, na kipimo ni mililita 10 mara tatu. Nimepewa chupa mbili za mililita 100, zote bado ni unga. Je, nizichanganye zote mbili leo? Na kijiko cha nyumbani kinafaa?

Mfamasia wa Zamu

Changanya moja tu. Unatumia mililita 30 kwa siku, kwa hiyo kwa siku 5 utahitaji mililita 150. Chupa ya kwanza itakwisha siku ya nne, na ya pili ibaki unga hadi siku hiyo, kwa sababu ikishapata maji maisha yake huanza kuhesabika. Lebo itakuambia ni siku ngapi na kama inapaswa kukaa kwenye jokofu. Piga chupa kidogo ili unga usigande chini, tia nusu ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tikisa, kisha jaza hadi kwenye mstari na utikise tena. Kipimo ni mstari ule baada ya kutikisa, povu lisikudanganye. Ya chupa ya pili itakayobaki, usiihifadhi kwa ugonjwa mwingine.

Tikisa kila mara kabla ya kumimina. Dawa ya aina hii haijayeyuka, imeelea tu, na mashapo hukaa chini. Asiyetikisa hunywa maji matamu siku za mwanzo na dawa nzito siku za mwisho.

Kijiko cha nyumbani hakifai, kwa sababu vijiko vya chai havilingani. Omba sirinji ya kunywea dawa, isiyo na sindano, yenye alama za mililita. Ya mililita 10 itakutosha kwa dawa zote mbili. Na kila unapovuta dawa, jiulize kama namba unayoifuata ni ya miligramu au ya mililita. Ipo morphine ya maji yenye miligramu 20 katika kila mililita moja, na mgonjwa aliyeandikiwa miligramu 5 akavuta mililita 5 hupata mara 20 ya kipimo chake. Dawa zako si kali kiasi hicho, lakini tabia ya kusoma ni ile ile.

Sukari Kiasi

Na kwa kuwa amoxicillin uliyopewa huenda ina sukari, pima mara moja zaidi kwa siku katika siku hizo 5 na uandike. Daktari wako atapenda kuziona namba hizo siku ya kamera.

Koo Jembamba (mleta mada)

Nimesoma lebo: ina sukari, na inataka jokofu. Sirinji nimeipata, na chupa ya kwanza nimeichanganya. Majibu ya kamera yakitoka nitayaleta hapa hapa.